Jirani anapandisha ghorofa ukutani kwangu, nimefika mwisho. Ushauri tafadhali

Mkazi wa Sinza (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naombeni mniazime masikio, maana ya kwangu yameshakufa ganzi.

Niko Sinza, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Wenyeji mnajua Sinza ilivyozaliwa. Viwanja vilipimwa miaka ya 70 kwenye ule mradi wa Benki ya Dunia, mmoja na Kijitonyama na Mikocheni, watu wa kipato cha kawaida wakagawiwa vijiwanja vya kujenga nyumba ya chini, vyumba vitatu na uani pa kuanikia nguo. Aliyewaza ghorofa hakuwepo. Siku hizi mzee akifariki watoto wanauza, anakuja mwenye hela zake, anavunja, anapandisha ghorofa nne za kupangisha. Hapo sina neno. Kiwanja chake, hela yake.

Neno langu ni hili. Wakati wanavunja nyumba ya zamani kifusi kiliangukia ukuta wangu wa uani, sasa umelalia upande wangu. Mashine ya kufyatulia tofali wameiweka chini ya dirisha la chumba cha mama, ambaye ana presha, na inaanza kutetema alfajiri muadhini hajashuka. Malori ya mchanga yanamwaga usiku wa manane. Dereva anarudi nyuma, tingo anapiga ubavu wa gari "rudi, rudi, kata yote!", kisha mlango wa nyuma unabamizwa mtaa mzima unaamka. Vumbi la saruji liko kwenye nguo, kwenye tangi la maji, kwenye mchicha. Mafundi hawana choo, na nadhani mmeshaelewa wanakokwenda.

Sasa wameanza kuchimba. Shimo refu sambamba na ukuta wangu, wanasema chini patakuwa na maegesho ya magari. Wanapampu maji kutoka shimoni kutwa nzima wanayamwaga barabarani. Tangu waanze, sebuleni kwangu kumetokea nyufa ambazo hazikuwepo. Mmoja unatoka kona ya dirisha unapanda mshazari hadi kwenye lenta.

Bosi mwenyewe haonekani. Kila nikiuliza, "bosi kasafiri". Msimamizi wa saiti anasema, "Mzee, ujenzi ni kelele, vumilia, ni miezi michache tu." Bango la mradi hakuna, kwa hiyo hata mkandarasi simjui.

Nianzie wapi? Serikali ya mtaa, manispaa, polisi, NEMC (wale wa baraza la mazingira), mahakamani? Na hizi kelele zina saa zake kisheria, au mtu akiwa na saruji ana ruhusa ya saa 24?

Tajiri Mtarajiwa

Mkuu huo ni wivu. Uza na wewe uhamie Goba, ukalale usingizi.

Mkazi wa Sinza

Ningekuwa na wivu ningeulizia bei ya nondo. Nimeuliza kuhusu nyufa.

Mtoto wa Manzese

Hahaha! Tajiri kapigwa tofali la nchi sita.

Mleta uzi pole sana. Hiyo ya choo ndiyo imenigusa. Kwetu walijenga fremu za maduka, mafundi wakageuza uchochoro wetu msalani. Tulipokwenda kulalamika, msimamizi akatuuliza tena kwa mshangao, "Kwani nyinyi mnapitia huko?"

Mama Kuku

Pole baba. Mimi nafuga kuku Tabata, jirani alipoanza kupiga grenda kuku wakaacha kutaga. Watu watacheka, lakini ile ndiyo ada ya mtoto wangu.

Sikwenda ofisi yoyote. Nilikaanga vitumbua, nikapeleka saiti saa ya chai, nikakaa na mafundi. Bosi hawezi kukusikia kama anavyokusikia fundi, maana fundi ndiye anayejua mashine inaweza kukaa wapi pengine. Nikaomba vitu viwili, namba ya simu ya msimamizi, na mashine ihamie upande wa barabara. Vyote nikapata. Kabla hujapeleka barua nenda kwa mdomo kwanza, tena uende ukiwa umetulia. Ukianza na polisi, huyo jirani utakaa naye ukutani miaka 30 hamsalimiani.

Mkazi wa Sinza

Asante mama yangu. Kwa mdomo nimekwenda, na mama mwenyewe alipeleka uji. Waliunywa wote, mashine ikabaki pale pale.

Mzee wa Kazi

Watanzania tuna tatizo la kulalamika. Kila nyumba hapa mjini ilijengwa na iliwasumbua waliotangulia. Baba yako alipojenga, jirani alivuta vumbi vile vile. Nchi inajengwa, vumilieni.

Fundi Lenta

Mzee wa Kazi, baba yake alichimba msingi wa futi tatu kwa sururu. Huku kuna kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na pampu. Usilinganishe.

Mimi ni fundi, nimesimamia ghorofa kadhaa hapa Dar, kwa hiyo niseme kwa haki pande zote, halafu mnitukane mkitaka.

Kuna kelele ambazo hazikwepeki. Siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, huwezi kukata kazi katikati. Zege likishaanza kukaza, linalomwagwa baadaye halishikani nalo sawasawa, panabaki mshono, na kwenye huo mshono ndipo maji yatapita na ndipo patakapopasuka. Kwa joto la Dar muda wenyewe ni mfupi. Sasa mashine ikiharibika saa nane mchana, au gari la maji likachelewa, kazi iliyopangwa kuisha jioni inaisha saa tano usiku. Hapo jirani anatakiwa kutuvumilia kweli, na sisi tunatakiwa kumpa taarifa tangu jana yake. Lakini slabu inamwagwa siku moja kwa kila ghorofa. Nyumba ya ghorofa nne ina siku chache tu za namna hiyo kwenye ujenzi mzima.

Hayo mengine aliyoyataja ni uhuni. Kufyatua tofali alfajiri hakuna sababu yoyote ya kitaalamu. Tofali unaweza kununua tayari, na kama unafyatulia saiti ili ubane matumizi, fyatua mchana. Malori ya usiku nayo yana siri yake. Dereva anataka tripu nyingi kabla ya foleni, ila mpokeaji ni msimamizi. Msimamizi akisema "saa nne usiku geti linafungwa, ukija utalala nje", lori litakuja saa mbili asubuhi, wala mchanga hauozi.

Vumbi: kifusi kinamwagiwa maji kabla ya kuchotwa, na jengo linavalishwa neti upande wa jirani. Neti si ghali ukilinganisha na nondo. Asiyeweka hajakosa hela, kakosa mtu wa kumwambia aweke.

Choo: shimo moja la muda na mabati sita. Aibu kubishana juu yake.

Mtoto wa Manzese

Fundi naomba namba, nina banda la kuku nataka lenta.

Mdau wa Nairobi

Poleni majirani. Huku Kenya hali ni hiyo hiyo, Kilimani na Kileleshwa zilikuwa za nyumba za chini zenye miti, sasa kila ploti ni mjengo wa fleti. Ila suala la saa sheria yetu imelitaja wazi. Kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kwa mijengo iliyo katika makazi, kikomo ni desibeli 60 mchana na 35 usiku, na usiku unahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ukifikiria kwamba watu wawili wakizungumza kawaida tu wanafika kama desibeli 60, utaona hiyo 35 ni kama kuwaambia wafunge kazi.

Kufuatwa ni jambo jingine. Lakini ukienda kushtaki una nambari ya kusimamia, huendi kusema tu "wanapiga kelele". Ninyi hamna kitu kama hicho?

Wakili wa Mtaani

Tunacho. Tuna Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Zinatofautisha mchana na usiku, na zinatofautisha makazi na viwanda. Kwa hiyo jibu la swali la mwisho la mleta uzi ni kwamba hakuna ruhusa ya saa 24. NEMC wana vifaa vya kupima, na maafisa mazingira wa halmashauri nao wana wajibu hapo. Peleka malalamiko kwa maandishi, utaje siku na saa, uambatishe video zinazoonyesha muda.

Nitarudi kueleza njia nyingine. Kwanza nataka wahandisi waseme kuhusu hilo shimo, maana naona mnabishana juu ya choo wakati nyumba inaondoka.

Mhandisi Mstaafu

Ahsante wakili, nilikuwa nasoma nashangaa. Kelele zitaisha siku wanapaka rangi. Ufa hauishi.

Mleta uzi, nyumba nyingi za umri wa hiyo yako zina msingi mfupi, wa mawe au tofali, haujashuka hata mita moja na nusu. Mwenzio akitaka maegesho chini ya ardhi atashuka mita tatu au zaidi. Maana yake ni kwamba udongo uliobeba msingi wako unabaki ukingoni mwa shimo, upande mmoja hauna kitu cha kuegemea. Tunayo kanuni ya kazini ambayo hata fundi mchundo anaijua. Anzia kwenye kitako cha msingi wa jirani, chora mstari unaoinama nyuzi 45 kuelekea shimoni. Udongo ulio chini ya huo mstari ndio umeibeba nyumba yake. Shimo likiukata mstari, nyumba ya jirani ishikiliwe kwanza, ndipo uchimbe.

Kuna namna mbili za kawaida. Ya kwanza ni kujenga kizuizi kabla ya kuchimba, yaani nguzo za zege zilizopangwa kwa karibu au mabamba ya chuma yanayozamishwa ardhini. Ya pili ni kuushusha msingi wa jirani. Unachimba chini yake kipande cha kama mita moja, unajaza zege, unaacha likaze, kisha unaruka kwenda kipande cha mbali. Viwili vinavyopakana havichimbwi kwa pamoja hata siku moja. Ni kazi ya taratibu, ina gharama, na ndiyo maana watu wanaikimbia. Kuchukua kijiko ukakwangua urefu wote wa mpaka kwa siku moja ni kamari, na dau lililo mezani ni nyumba yako.

Sasa maji. Hili wengi hawalijui. Pampu ikivuta maji shimoni, haivuti ya shimoni peke yake. Usawa wa maji unashuka na chini ya majirani pia, na udongo uliokuwa umejaa maji unajikaza na kushuka. Na kama hawakuweka chujio, pampu inaondoka na mchanga mwembamba. Fanya hivi leo hii: chota ndoo ya maji wanayotupa barabarani, iache itulie nusu saa, angalia chini. Yakiwa hayana kitu, afadhali. Ukikuta tope la mchanga, jua huo mchanga umetoka mahali, na inawezekana mahali penyewe ni chini ya sebule yako.

Nyufa nazo zina lugha. Vile vidogo visivyo na mpangilio kwenye plasta ni vya kukauka, havina maneno. Unaotoka kona ya dirisha kwa mshazari, au unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, unakuambia upande mmoja wa msingi unashuka. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kikatize ufa, ukigandishe kwa jasi pande zote mbili, andika tarehe ukutani kwa kalamu. Kioo kikipasuka nyumba bado inatembea. Weka alama mwisho wa ufa juu na chini. Piga picha ukiwa umeweka rula. Na mlango uliokuwa unafungika vizuri ukianza kugoma, mtoe mama kwenye chumba hicho usiku huo huo, mengine yafuate.

Kona Bar

Mzee umenitisha. Nimetoka kwenda kuangalia milango yangu na sijengewi na mtu.

Mwana Kariakoo

Hakuna kutisha hapo. Novemba 16, 2024 ghorofa la Kariakoo lilipoanguka, wafanyabiashara walisema kulikuwa kunachimbwa chini kuongeza nafasi ya biashara. Walikufa watu zaidi ya 25, wengine walikaa chini ya kifusi siku kadhaa wakipiga simu. Mimi duka langu halikuwa mbali. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "tunachimba chini kidogo tu", nahama kwanza nitauliza baadaye.

Mhandisi Mstaafu

Na kabla ya hapo Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, mtaa wa Indira Gandhi. Jengo lilikuwa bado linajengwa, likaua watu 36. Kati yao walikuwemo watoto waliokuwa wakicheza uwanja wa jirani. Hawakuwa mafundi wala wapangaji. Majirani.

Mzee wa Kazi

Sawa, shimo ni jambo zito, nakubali. Lakini mleta uzi asichanganye shimo na redio za mafundi. Akienda ofisini na malalamiko kumi na mbili watamwona mkorofi.

Wakili wa Mtaani

Mzee wa Kazi leo umesema neno. Hapo ndipo nilipotaka kuanzia.

Tenganisha barua. Ya shimo na nyufa iwe peke yake, fupi, yenye picha, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa mipango miji na mhandisi. Uliza maswali matatu tu. Je, kuna kibali cha ujenzi kwa kiwanja hicho? Je, kibali kinaruhusu sakafu ya chini ya ardhi? Je, michoro inaonyesha jinsi nyumba ya jirani itakavyoshikiliwa? Omba wakague na wasimamishe uchimbaji hadi majibu yapatikane. Waombe kusimamisha uchimbaji, usiwaombe kusimamisha ujenzi wote. Ombi dogo lenye sababu hukubaliwa haraka. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila huo muhuri hujapeleka kitu.

Kukosekana kwa bango nako ni silaha. Saiti inatakiwa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi, msanifu na mhandisi. Piga picha geti lisilo na bango, peleka Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Ghorofa halijengwi na fundi wa kuokota, linahitaji mkandarasi aliyesajiliwa, na mkandarasi aliyesajiliwa anaogopa bodi yake kuliko anavyoogopa mwenyekiti wa mtaa. Usalama wa watu pale saiti, ikiwemo kuanguka kwa kingo za shimo, upo kwenye mikono ya OSHA pia, wale wakala wa usalama na afya kazini.

Ofisi ya serikali ya mtaa usiidharau. Haina mamlaka ya kufuta kibali, lakini ikiandika barua ya wito, "bosi kasafiri" anarudi haraka sana. Na kumbukumbu za kikao chake zitakufaa baadaye.

Polisi watakuambia hili ni la madai, isipokuwa kama umetishiwa au kuna uharibifu wa makusudi.

Mahakamani sasa. Watu wanakimbilia Baraza la Kata kwa kila kitu chenye ukuta. Kama angekuwa ameingia kwenye mpaka wako, amesogeza bikoni (jiwe la mpaka), hilo ni la ardhi, na hata hapo tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini nyufa, vumbi na kelele kwa kawaida ni madai ya fidia, yanakwenda mahakama za kawaida. Msingi wake ni sheria ya kero na uzembe tuliyoirithi kutoka Uingereza, ile iliyopokelewa nchini kwa tarehe ya Julai 22, 1920. Ni ya zamani, na inafanya kazi. Ukifungua madai unaweza kuomba zuio la muda. Hakimu atataka ripoti ya mhandisi, hisia zako hazimtoshi.

Mkazi wa Sinza

Wakuu, nimefanya ile ya ndoo. Tope la mchanga limejaa vidole viwili. Na kioo nimebandika.

Mhandisi Mstaafu

Vidole viwili ni vingi. Kabla ya barua yoyote, nenda sasa hivi mwonyeshe msimamizi hiyo ndoo mbele ya mashahidi. Mwambie pampu isimame au iwekewe chujio. Mpe na picha kwenye simu yake, ili asije kusema hakujua.

Fundi Lenta

Na mwambie maneno haya haya: "Nyumba yangu ikishuka, na wewe kingo yako inakuangukia." Msimamizi mwenye akili ataelewa, kwa sababu walio ndani ya shimo ni vijana wake, si bosi.

Dada wa Mbezi

Naomba niongeze la kwangu kwa walio mwanzoni, ambao jirani ndiyo kwanza anamwaga tripu ya kwanza ya mawe. Pigeni picha nyumba yenu SASA, kuta zote ndani na nje, sakafu, dari, ukuta wa uani, karo. Mimi jirani alinipasulia sakafu, nilipodai akasema "huo ufa ulikuwepo". Sikuwa na la kumjibu. Bora zaidi mwite msimamizi wake mzunguke pamoja, kila ufa wa zamani uandikwe, wote mtie saini. Anayekataa kusaini keshakuambia nia yake.

Kona Bar

Jirani yangu ni shemeji yangu. Nimwambie tusainishane?

Dada wa Mbezi

Shemeji ndiye wa kwanza kusainishwa.

Mkazi wa Sinza

MREJESHO.

Wakuu, nilikuwa kimya kwa sababu ya mizunguko. Niwape kwa ufupi, ingawa mambo hayakuwa mafupi.

Ndoo ilifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Msimamizi aliitazama, akanyamaza, akazima pampu mwenyewe. Kesho yake wakaweka pipa lenye kokoto na chujio. Barua ya shimo niliandika kama wakili alivyoelekeza, ukurasa mmoja na picha. Mhandisi wa halmashauri alikuja, akateremka shimoni, akapima. Kibali kipo, ila michoro ya kushikilia upande wangu haikuwepo. Akawaandikia wasimamishe uchimbaji upande wa mpaka hadi ipatikane.

Kisha kikao serikali ya mtaa. Na bosi akatokea! Kumbe hakusafiri popote. Lile gari lenye vioo vyeusi linaloegeshwa kona kila jioni, ambalo mama amekuwa akilisalimia kwa heshima akidhani ni la mchungaji, ndimo alimokuwa akikaa kutazama kazi. Ni mtu mpole tu, wala hana makuu. Alisema aliogopa majirani watamwomba hela.

Tumeandikiana. Kazi zenye kelele kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Siku ya slabu taarifa inatolewa tangu jana yake, na hiyo tutavumilia. Lori baada ya saa nne usiku halipokelewi. Mashine ya tofali imehamishwa. Neti imefungwa, choo kimechimbwa. Ukuta wa uani wataujenga upya kwa gharama zao. Msingi wangu utashushwa kipande kwa kipande na mkandarasi wao, na ratiba ya vipande nimepewa nakala. Tumezunguka nyumba, tumepiga picha, kila mmoja kasaini.

Kioo cha kwanza kilipasuka kabla pampu haijazimwa. Nilichobandika baada ya hapo ni kizima hadi leo.

Mama Kuku

Alhamdulillah. Na presha ya mama?

Mkazi wa Sinza

Imeshuka. Sasa analalamika kwamba kimya kinamkosesha usingizi.

Wakili wa Mtaani

Hongera, lakini nina dosari moja kwenye hayo makubaliano. Sijaona nani atalipa nyufa zikitokea baada ya wao kuondoka. Nyumba inaweza kukaa kimya miezi, mvua za masika zikaja, ikasogea. Rudini muongeze kifungu: mwenye mradi na mkandarasi watatengeneza nyufa zote zitakazotokea kwenye kuta zilizo katika zile picha, ndani ya muda utakaotajwa baada ya jengo kukamilika. Mhandisi, muda gani unafaa?

Mhandisi Mstaafu

Ipite misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Chini ya hapo ni kujidanganya. Na uliza kama mkandarasi ana bima inayogusa madhara kwa watu wa nje ya saiti. Kama anayo, nakala yake iambatishwe. Kama hana, bosi akate sasa, shimo likiwa bado wazi, maana baada ya tukio hakuna atakayemkatia.

Mkazi wa Sinza

Nimelichukua. Bosi nitamkuta jioni, gari najua linapokaa.

Tajiri Mtarajiwa

Kumbe uzi wa maana hivi. Nilisoma kichwa cha habari tu.

Mpangaji wa Tandika

Jamani msifunge kwanza. Na mimi jirani kachimba shimo la karo karibu sana na ukuta wa chumba changu, nami ni mpangaji, mwenye nyumba anasema halimhusu. Nifanyeje?

Mhandisi Mstaafu

Karo ni habari nyingine, hapo kuna na maji machafu. Fungua uzi wako, weka picha mchana kweupe, na usiandike "karibu sana". Pima kwa futi kutoka ukutani hadi ukingo wa shimo, pima na kina chake, utuambie udongo ni mchanga au mfinyanzi. Tutakuja huko.